Betri haichaji, inakata ghafla, inachemka: jinsi ya kusaka tatizo bila kujiunguza

Kila mwenye pawabenki, drili ya betri, baiskeli ya umeme au laptopu kuna siku atachomeka chaja afu asione kitu. Na jibu la kwanza atakalopewa ni lile lile, "hiyo betri imekufa, nunua nyingine". Mi nimefungua nyingi zilizosemwa zimekufa na nyingi hazikua zimekufa, ilikua kebo imechoka, au tundu la chaji limejaa vumbi, au seli moja tu kati ya kumi ndo inawaangusha wenzake. Hiyo ya mwisho ishike vizuri maana itarudi tena hapa chini: paki (yaani seli kadhaa zimefungwa pamoja) haiendi kwa nguvu ya seli zake nzuri, inaenda kwa nguvu ya ile mbovu kuliko zote.

Naongelea zaidi lithiamu maana tangu Sony waiingize sokoni 1991 imeenea mpaka kwenye miswaki, ila za nikeli na za asidi nitazigusa kidogo mbele.

KABLA HUJAGUSA CHOCHOTE

Kuna dalili ambazo hazitafutiwi sababu, zinaachwa hapo hapo. Betri imevimba, acha. Inatoa harufu ya utamu tamu mkali kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, acha. Imeanguka ikabonyea, imeingia maji, au ina joto wakati haichajiwi wala haitumiki, acha. Usiichomeke "nione kama bado inaingiza", na tafadhali sana usiitoboe kutoa hewa, kuna watu wanafanya hivyo na sindano, aisee. Ile hewa ni gesi iliyotokana na majimaji ya ndani kuharibika, haijaingia kutoka nje, na sindano yako ikipita inaunganisha matabaka ambayo kazi yote ya betri ni kuyatenganisha, hapo umepiga shoti ndani ya kitu chenye majimaji yanayowaka.

Ya namna hiyo iweke nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu ukiweza, mpaka uipeleke wanakopokea taka za umeme. Usiitumbukize kwenye maji ya chumvi ukidhani unaimaliza chaji, vituo vya betri (zile ncha za chuma zinazotoa umeme) vinaoza kwanza kabla chaji haijaisha na unabaki na betri yenye umeme ndani ambayo huwezi tena kuipima.

Kama hamna hata moja ya hizo, endelea.

MITA NDO MACHO YAKO

Bila mita (multimita, kile kifaa cha kupimia umeme) unabahatisha tu. Ya bei ya chini kabisa inatosha, unachopima ni volti za moja kwa moja (ile alama ya V yenye mstari ulionyooka). Ila angalia waya mwekundu umechomekwa wapi! Kama mara ya mwisho ulipima ampea na waya bado uko kwenye tundu la 10A, ukigusa betri hujapima kitu, umeiunganisha chanya na hasi kwa waya mtupu. Nimeshayeyusha ncha za mita hivyo, cheche ilinifanya niruke kwenye kiti.

Namba za kukumbuka: seli ya kawaida ya lithiamu ikijaa ni volti 4.2, katikati 3.6 au 3.7, na chini ya 3.0 imeisha. Ya lithiamu ya fosfeti, ile inayoandikwa LiFePO4, inajaa 3.65 na katikati yake ni 3.2. Zikifuatana unazidisha tu. Seli 3 zikijaa ni 12.6, seli 5 (drili nyingi zinazoandikwa 18V au 20V) ni 21, seli 10 (baiskeli za 36V) ni 42, seli 13 (za 48V) ni 54.6. Umeona hapo, 18V na 20V ni betri ile ile, mmoja kaandika volti ya katikati, mwingine kaandika ya kujaa. Biashara.

HAICHAJI KABISA, HATA TAA HAIWAKI

Anza nje uingie ndani, usianze na bisibisi.

Soketi ya ukutani kwanza, chomeka kitu kingine uone. Halafu kebo. Kebo zinakufa pale zinapojikunja karibu na kichwa, nje huoni kitu lakini waya za ndani zimekatika zimebaki nyuzi mbili tatu, ndo maana ukiipinda kidogo inachaji ukiiachia inaacha. Ukiona unaanza kuweka kitabu juu ya kebo ili ikae vizuri, hiyo kebo itupe leo.

Halafu tundu. Simu na pawabenki zinazokaa mfukoni zinakusanya nyuzi za nguo, kila ukichomeka unazishindilia mpaka zinakua kama sponji ngumu huko ndani na plagi haifiki mwisho. Zima kifaa, chukua kijiti cha meno cha mbao, chokonoa taratibu pembeni. Sio sindano, sio pini. Mara ngapi mtu kaniletea simu "system ya chaji imekufa" nikatoa tonge la uzi wa jinzi ikapona palepale, sijui hata nihesabu vipi.

Kwenye betri za drili na baiskeli angalia vile visahani vya chuma. Kukiwa na kijani au weupe weupe futa na pamba yenye spiriti, kavu kabisa kabla ya kurudisha. Kisahani kilichobadilika rangi kuwa bluu au kahawia, au plastiki yake imeyeyuka kidogo, maana yake palikua na joto, mgusano ni mbovu.

Sasa chaja. Ipime bila betri, ya seli 10 isome kama 42. Ila usikimbilie kusema imekufa ukiona sifuri, kuna chaja zenye akili hazitoi umeme mpaka zihisi betri upande wa pili, hizo dawa ni kujaribu betri nyingine ya aina ile ile. Ikikubali hiyo, chaja nzima na tatizo liko kwenye paki.

Joto nalo linazuia. Umetoka kufanya kazi na drili, betri inachoma mkono, unaitia kwenye chaja inawaka nyekundu na kupepesa, unasema imeharibika. Haijaharibika, inakataa. Ndani kuna termista, kale kadude kanakopima joto, na betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa juu ya nyuzi 45 wala chini ya sifuri. Iache nusu saa ipoe, sio kwenye friji, mezani tu. Huko chini ya sifuri ndo kubaya zaidi kwa sababu lithiamu badala ya kuingia ndani ya grafaiti (upande wa hasi wa seli) inajipaka juu yake kama rangi, na ile haitoki tena, siku nyingine inaota vimiba vinavyotoboa utando unaotenganisha chanya na hasi. Kama betri imelala kwenye baridi kali ilete ndani ipate joto la chumba kwanza. Na ikigoma kila siku hata ikiwa imepoa, inawezekana waya wa termista umekatika na chaja inadhani betri iko kwenye barafu.

Ukipita hapo pote bado hamna kitu, pima kwenye vituo vya kutolea umeme vya paki yenyewe. Sifuri au vivolti viwili vitatu visivyoeleweka haimaanishi seli zimeisha. Kuna bodi ya ulinzi ndani, mafundi wanaiita BMS, kazi yake ni kukata mlango ikiona seli imeshuka sana, imepanda sana, au kuna shoti. Ikishakata, nje unasoma sifuri wakati ndani seli zina 3.1 kila moja ziko salama. Nyingi zinaamka zenyewe ukichomeka chaja yake halisi ukaiacha kidogo. Paki mpya nazo nyingine zinatoka kiwandani zimelazwa hivyo, zinaamshwa na chaja.

Kuna ile mbinu ya kuiamsha betri kwa kuiunga na betri nyingine kwa waya ili "iipige jeki". Naiona inasifiwa kila mahali na siipendi kabisa. Seli iliyokaa chini ya volti 2 kwa muda, shaba iliyo ndani kama karatasi inaanza kuyeyuka ndani ya majimaji, na ukija kuichaji ile shaba inaganda upya mahali isipotakiwa na kutengeneza daraja kati ya chanya na hasi. Leo itachaji vizuri utafurahi, wiki ijayo usiku umelala ndo daraja linakamilika. Kwa hiyo mpaka wangu ni huu: seli ikiwa kati ya 2.5 na 3.0 inaweza kurudi, kwa mkondo mdogo sana, sehemu moja ya kumi ya kawaida mpaka ivuke 3.0, na chaja nzuri inafanya hivyo yenyewe. Ikiwa chini ya 2.0 na hujui imekaa hivyo miezi mingapi, hiyo siifufui hata ikiwa ya bure.

INAJAA HARAKA AFU INAISHA HARAKA

Hapa ndo penye utamu na ndo pale watu wanapodanganyika, mimi mwenyewe nikiwemo.

Nilikua na betri ya drili ya seli 5. Inafanya kazi dakika mbili inazima, unaitia kwenye chaja robo saa tu kijani imejaa, unairudisha dakika mbili inazima. Nikapima vituo vya nje: 18.4. Nikasema hii ni nzima, 18V inasoma 18.4 unataka nini tena? Nikahangaika na drili yenyewe, nikaifungua nikabadilisha hadi makaa ya mota, nikapoteza siku nzima. Jioni nikaamua kufungua paki yenyewe nikapima seli moja moja, namba nilizoandika kwenye karatasi ni hizi: 3.92, 3.91, 3.92, 2.74, 3.91. Jumlisha utapata 18.4 ile ile! Seli nne zimeshiba na moja inakufa njaa, na jumla inakuficha.

Sasa fikiria kinachotokea. Ukibonyeza drili, ya nne inashuka chini ya mpaka sekunde hiyo hiyo, bodi inakata, zile nne zina umeme tele lakini hautoki. Ukichaji, zile nne zinafika 4.2 mapema, bodi inakata kuzilinda, chaja haioni tena mkondo ukienda inawasha kijani, ya nne bado iko huko chini. Juu inazuiwa na walioshiba, chini inazuiwa na mwenye njaa, wewe umebakiwa na kiuwazi kidogo katikati.

Na kama bodi yako ni ya ovyo isiyoangalia seli moja moja, inaangalia jumla tu? Chaja inatafuta 21. Ya nne iko 3.0. 21 toa 3 ni 18, gawa kwa 4 ni 4.5. Zile seli nne nzuri zimesukumwa mpaka 4.5 wakati mwisho wao ni 4.2, na hapo hatuongelei tena betri mbovu, tunaongelea moto. Ndo maana betri za kuungaunga zilizofungwa na gundi na bodi isiyo na jina siziachi zikichaji nikiwa nimelala.

Kwa nini ya nne peke yake? Jibu linapatikana kwa subira. Nilichaji ile seli peke yake taratibu mpaka ikalingana na wenzake, nikaiacha paki nzima kwenye kabati nje ya chaja wiki mbili bila kutumia. Kurudi, zile nne nzuri hazijasogea, ile ya nne imeshuka mpaka 3.4. Inavuja ndani kwa ndani, hakuna bodi wala chaja itakayoponya hiyo. Ingekua imebaki 3.9 na wenzake basi tatizo lingekua la kutolingana tu, na paki nyingi kubwa za baiskeli zenye bodi inayosawazisha ukiziacha kwenye chaja masaa kadhaa baada ya kijani zinajisawazisha zenyewe pole pole, maana usawazishaji mwingi unafanyika kule mwisho wa chaji kwa mkondo mdogo sana. Mtu anayechomoa kila siku kijani ikiwaka tu hampi bodi nafasi hiyo. Kwa hiyo mara moja moja, ukiwepo nyumbani na uko macho, iache imalizie.

Kubadilisha seli moja tu na kuweka mpya katikati ya wazee wanne ni kazi inayorudi, mpya ina uwezo mkubwa na upinzani mdogo (inapitisha umeme kirahisi), hazitembei pamoja. Ukibadilisha badilisha zote, za aina moja, na zichomelewe kwa mashine yake ya bati za nikeli, sio chuma cha moto cha kulehemu (solda) moja kwa moja juu ya seli, joto lile linaunguza utando wa ndani pale kwenye kofia. Kama hujawahi kufanya usijifunzie kwenye paki ya baiskeli, hiyo mpelekee fundi wa betri.

INAZIMA IKIWA BADO NA ASILIMIA 30

Mbili tofauti zinafanana hapa.

Ya kwanza ni hesabu tu imepotea. Asilimia unazoziona hazipimwi kama maji kwenye chupa, kuna chipu inahesabu umeme ulioingia na uliotoka, na makosa madogo madogo yanajikusanya. Jaza mpaka 100, iache saa moja zaidi, tumia mpaka ijizime, iache masaa kadhaa, jaza tena moja kwa moja bila kukatisha. Ikirudi sawa ilikua hesabu. Usifanye kila wiki, inachosha betri, miezi miwili mitatu inatosha na wengi hawahitaji kabisa.

Ya pili ni uzee. Upinzani wa ndani umepanda, ukiwa umetulia volti inaonekana nzuri, ukifungua kamera au kuanza kupanda kilima volti inazama kama mtu aliyesimama ghafla akasikia kizunguzungu. Pima bila mzigo, pima ukiwa unatumia, ona imeshuka kiasi gani. Na baridi inafanya hivyo hivyo hata kwa betri mpya, hiyo ikipata joto inarudi. Betri nyingi za lithiamu za simu na laptopu zinatarajiwa kubaki na kama asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 300 mpaka 500, za siku hizi nyingine zaidi, hizo za fosfeti zinapita 2000. Mzunguko ni jumla ya asilimia 100, sio kila ukichomeka, kwa hiyo kuongeza 20 hapa 30 pale haikumalizii kitu.

INACHEMKA UKICHAJI

Vuguvugu ni kawaida. Swali ni joto liko WAPI, kwa hiyo gusa.

Plagi ndo ya moto kuliko betri: mgusano mbovu. Hesabu yake ndogo, mkondo wa ampea 5 ukipita kwenye mgusano wenye upinzani wa omu 0.1 unazaa joto la wati 2.5, kwenye kipande kisichozidi punje ya harage. Ndo kinayeyusha plastiki. Safisha, ikirudia badilisha tundu au plagi.

Chaja ya moto sana na inanuka, au inapiga mlio, itoe. Betri yote ya moto sawasawa, labda imefunikwa, iko kitandani, chini ya mto, kwenye dashibodi ya gari lililoanikwa juani. Weka juu ya kitu kigumu kisichoungua, sakafu ya vigae au saruji ni nzuri kuliko zulia. Ila upande mmoja wa paki ukiwa wa moto kuliko mwingine, hiyo ni seli, chomoa na usiirudishe mpaka umepima moja moja.

Na chaja isiyo yake. Tundu la mviringo la chaja halijui volti, chaja ya 54.6 inaingia vizuri tu kwenye paki ya 36V inayotaka 42. Mpwa wangu alifanya hivyo, skuta yake na baiskeli yangu plagi zinafanana, bahati bodi ilikata. Tangu hapo nimeandika kwa peni nene kwenye kila chaja na nimezungushia utepe wa rangi, nyekundu kwa nyekundu. Vile vile chaja ya betri ya asidi inayotoa 14.4 isiguse paki ya lithiamu ya seli 3 inayoishia 12.6, mafundi wa spika za kubeba hapo ndo wanapounguza. Ampea zikipungua hamna shida, itachelewa tu. Volti zikizidi ndo balaa.

PAWABENKI ZINA MAMBO YAKE

"Nimeuziwa feki, imeandikwa 10,000 lakini simu yangu ya 5,000 inajaza mara moja na nusu tu." Pengine sio feki. Hizo 10,000 (mAh, yaani miliampea-saa) zimehesabiwa kwenye volti 3.7 ya seli, ambayo ni wati-saa 37. Ikitoka kwa volti 5 inakua 7,400, na kugeuza volti kunakula nyingine, unabaki na kama 6,300 hivi, yaani wati-saa 31, wakati simu ya 5,000 kwa volti 3.8 ya betri yake ni wati-saa 19, na simu nayo ikipokea inapoteza kidogo kama joto. Mara moja na nusu ni majibu ya mtu mkweli. Feki ni ile imeandikwa 50,000 na ni nyepesi kama kasha la kiberiti. Hiyo hesabu ya wati-saa itakusaidia na kwenye ndege, kikomo cha kawaida ni 100 bila kuomba ruhusa, karibu 27,000 kwa lugha ya pawabenki, na inapanda na wewe juu, haiwekwi kwenye mzigo wa chini.

Inajizima ukichajia visikilizio au saa? Mkondo ni mdogo sana, inadhani umechomoa. Tafuta kama ina hali ya mkondo mdogo, nyingi unabonyeza kitufe mara mbili. Inachaji simu kwa mwendo wa kobe? Badilisha kebo kwanza, nyembamba na ndefu inakula volti njiani.

ZA NIKELI NA ZA ASIDI, KWA HARAKA

Zile za AA zilizoandikwa NiMH zina volti 1.2, usishangae. Tochi ya betri nne ikizima mapema pima moja moja, hadithi ni ile ile ya seli ya nne, na hapa mbaya zaidi maana wenzake wanaweza kuisukuma mpaka igeuke chanya ikawa hasi. Usichanganye mpya na kuukuu. Chaja zinazochaji mbili mbili kwa pamoja ziepuke, tafuta ya kila tundu kujitegemea. Ile habari ya "betri mpya ichaji masaa nane kwanza" na "iishe kabisa ndo uchaji" ilitoka enzi za nikeli, kwenye lithiamu hiyo ya kuimaliza kabisa inaumiza.

Ya asidi ya 12V iliyotulia masaa kadhaa ikisoma 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu, chini ya hapo inajiua, chumvi ya risasi inaganda kwenye bati na haitoki. Usiiache tupu hata wiki. Na ichajie penye hewa, inatoa hidrojeni.

KUITUNZA ISIFIKE HUKO

Adui wa lithiamu ni joto na kukaa imejaa, na vikikutana pamoja ndo inazeeka upesi kuliko kitu kingine. Laptopu iliyochomekwa mwaka mzima ikiwa 100 na feni inavuma, hiyo betri inapikwa. Kama kifaa kina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80, uwashe. Cha kuweka stoo kiache nusu, 3.7 mpaka 3.8 kwa seli, pakavu na pa baridi kidogo, na kila miezi mitatu kitazame kwa sababu bodi yenyewe inakunywa kidogo kidogo. Paki za drili nyingi hazifi kazini, zinafia kwenye sanduku, mtu kamaliza ujenzi kaweka zikiwa tupu anarudi baada ya mwaka.

Usichajie kwenye korido au mlangoni unapopitia kutoka nje. Hiyo ni kwa ajili ya siku ambayo yote niliyosema yameshindikana: ikianza kufuka moshi na kuzomea, usiibebe. Zima umeme kama swichi iko mbali nayo, toa watu, funga mlango, ita zimamoto, ule moshi una sumu ikiwemo haidrojeni floridi. Simu au pawabenki ndogo ukiwa na nafasi salama maji mengi yanasaidia, kazi yake ni kupoza ili seli ya pili isifuate, na hata ikizimika iache nje maana inaweza kuwaka tena masaa kadhaa baadaye.

Ile betri yangu ya drili nilizitoa seli zote tano. Nne nazitumia kwenye tochi, moja moja. Ile mbovu nimeziba ncha zake zote mbili na utepe wa umeme, ipo kwenye kopo la mchanga nje ya dirisha pamoja na betri mbili za simu zilizovimba, inangoja siku ya kupeleka taka za umeme.